Nilivyomsomea Chiriku

Mwenyekiti wa jopo alikuwa akining'inia kichwa chini kama popo, tai yake ikipanda juu badala ya kushuka, naye alikuwa akimwambia binti yangu kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Dada, kama huwezi kuyasoma maandishi yaliyo mbele yako, hatuna budi kumwita anayefuata."

Binti yangu, ambaye tangu utotoni tulimwita Chiriku kwa wingi wa maneno yake, alikuwa ameketi kwenye meza yetu ya chakula, viganja wazi juu ya kitambaa kama alivyoamriwa. Mbele yake ilikuwapo kompyuta mpakato. Yenyewe ilikaa wima kama kawaida. Kilichopinduka ni kila kitu kilichokuwa ndani ya kioo chake. Mimi nilisimama kando, mahali ambapo kamera isingeweza kuniona. Mama yake alikuwa mlangoni pa jikoni, mwiko mkononi.

Kazi iliyokuwa ikigombewa ilikuwa ya ukalimani katika hospitali kuu, yaani kusimama kati ya daktari mgeni na mgonjwa asiyeijua lugha yake. Chiriku alikuwa ameifanya kwa mkataba wa muda. Mkataba ukaisha, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Mtihani wenyewe ulielezeka kwa maneno machache. Ukurasa wa lugha ya kigeni hutokea kwenye kioo, nawe huutamka kwa Kiswahili papo hapo, watahini wakikutazama usoni.

Hakuja kwetu kwa ajili yangu. Umeme ulikuwa umekatika kwake, na mama yake akamwambia kwamba kwetu upo. Mimi naye tulikuwa hatujakaa chumba kimoja kwa muda mrefu, na kisa kilikuwa lugha. Nilikuwa na desturi ya kumsahihisha katikati ya sentensi, hata mbele ya wageni, hata jioni ile alipokuwa akitueleza jinsi mchumba wake alivyomwacha. Jioni hiyo aliinuka, akasukuma kiti, akasema, "Baba, siku nikifa utalisahihisha kwanza tangazo la msiba, ndipo ulie." Tangu hapo salamu zake zilinifikia kupitia kwa mama yake.

Tatizo la asubuhi hiyo lilianza dogo. Alikwisha kuingia katika mtihani, akaambiwa na karani asubiri, ndipo dirisha la kivinjari lilipotoweka. Jina la dirisha lilionekana chini ya kioo, kuonyesha kwamba liko wazi, lakini lenyewe halikuwapo. Sauti za watahini zilisikika zikizungumza na mtu asiyewaona.

"Ofisini nilikuwa naiunganisha na skrini kubwa," Chiriku alimwambia mama yake, vidole vikitafuta vitufe. "Inadhani skrini hiyo bado iko pembeni. Dirisha limefungukia huko."

"Basi liite lirudi. Si wewe ndiye uliyelizoesha kwenda huko?"

"Mama, tafadhali."

Akabonyeza vitufe, akaomba, akabonyeza tena. Dirisha likarudi nusu, limejibanza ukingoni. Akalivuta. Likaja lote, lakini herufi zikawa kubwa kama za bango, kila mstari ukiishia nje ya kioo. Akaanza kuzipunguza. Nadhani ni hapo, kwa papara, alipobonyeza vitufe vingi kwa pamoja; kioo kikawa cheusi kama jicho linalopepesa, kikafumbuka kila kitu kikiwa kichwa chini. Hata kishale kikaasi: ukikipeleka kulia, kinakwenda kushoto.

Akarudia vitufe vilevile. Havikujibu. Akaiinua kompyuta na kuigeuza, kibodi juu, kioo chini, na papo hapo sauti ya mtahini mmoja ikafoka: mtahiniwa aonekane kama binadamu wengine, kichwa juu, la sivyo ahesabiwe kuwa amejitoa. Kuizima asingeweza, kwa kuwa atakayetoka harudishwi. Na tangu ukurasa ulipotokea, kugusa kibodi kulihesabiwa kuwa ni kutafuta majibu.

Hapo ndipo mwenyekiti alipotaja anayefuata, na mwanangu akapinda shingo kuzifuata herufi, asiambulie hata neno.

Mimi nilikuwa nikiusoma ukurasa ule. Nilikuwa nimefika aya ya pili kabla sijatambua kwamba nilikuwa nausoma. Nilipomaliza shule ya misheni walinitia katika kiwanda chao cha chapa, nikafundishwa kupanga herufi za madini ya risasi, ambazo mpangaji huzisoma kichwa chini na kinyume, na tena kuketi meza moja na padre msahihishaji, yeye upande wake, mimi wangu. Padre yule hakumgeuzia mtu karatasi. Aliyetaka kuona kosa lake alilisoma kutoka alikoketi. Ujana wangu wote uliishia upande ule wa meza, hata mstari uliosimama kwa kichwa ukawa kwangu mstari tu.

Nikamnong'oneza mke wangu kwamba naweza kuusoma. Macho yake yakang'aa.

"Msomee basi, polepole. Watakuonea wapi huko ulikojificha?"

"Hilo ni wizi."

"Baba Chiriku, wizi gani wa kumsomea mwanao!"

Nikapiga hatua, nikasimama nyuma ya kiti, mahali pa kuonekana. Chiriku aliniona kwenye kile kipicha chake kilichopinduka. Akasema kwa sauti ndogo, bila kugeuka, "Baba, usinifanyie hivi. Leo tu, nakuomba."

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikasema, "mimi ni baba yake. Maandishi yamepinduka, naye hawezi kuyasoma. Mimi ninaweza. Naomba ruhusa ya kumsomea yaliyoandikwa."

Wakashauriana. Mtahini mmoja alicheka. Kisha mwenyekiti akasema kwamba ninaruhusiwa kwa sharti moja: nitamke yaliyomo katika ukurasa, kwa lugha yake. Neno moja la ziada, hata la Kiswahili, na mtihani umekwisha.

Nikasoma. Ulikuwa ukurasa wa daktari akimweleza mama mmoja upasuaji wa tumbo. Nilisoma kituo kwa kituo; nikinyamaza, naye akasema. Matamshi yangu yalikuwa ya kale. Yeye aliyapokea bila kusita, akayageuza. Nilishangaa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, chenye huruma, kikienda taratibu kama mtu anayemshika mgonjwa mkono kwenye ngazi. Nilikuwa sijapata kukisikia hadi nukta.

Tukafika penye dawa ya kumpotezea mgonjwa fahamu. Nikasoma. Akakwama.

Aliinamisha kichwa. Vidole vyake vikajikunja juu ya kitambaa. Mimi nilikuwa nalo neno, kamili, limekwisha kupanda hadi kwenye meno. Nimelipanga kwa risasi katika vitabu vya wauguzi mara nyingi mno. Mwenyekiti akatazama saa yake. Nikashika mgongo wa kiti, nikauma ulimi, nikautazama utosi wa mwanangu, pale nywele zinapogawanyika.

"Kabla ya kukupasua," akasema Chiriku, "watakupa dawa itakayokulaza, usikisikie kisu."

Nikavuta pumzi, nikasoma mstari uliofuata.

Tulipomaliza, watahini walizima sauti zao wakazungumza, vinywa vikichezacheza juu ya macho. Kisha mwenyekiti akasema, "Dada, Jumatatu fika kwenye ofisi ya utawala na vyeti vyako halisi. Na mzee wako, mwache nyumbani." Wote wakacheka, kioo kikabaki kitupu.

Chiriku hakuinuka. Alifuta macho kwa pembe ya kitambaa cha meza, na mama yake, ajabu, hakumkemea.

"Baba, pale nilipokwama. Ulikuwa unalijua neno?"

"Nusukaputi."

Akalizungusha kinywani. "Zuri. Lakini yule mama angeuliza huo nao ni ugonjwa gani."

"Mimi ningeshuka kitandani nikaenda zangu," mke wangu akasema.

Nilikuwa na hoja ya kutetea neno lile, tena ndefu.

"Lako linafaa zaidi," nikasema.

Chiriku akageuka na kiti chake. "Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie arudie, niwaite majirani."

Sikuwa na mazoea ya kurudia maneno. Nikarudia.