Mahindi ya Nicanor Kanisani

Mwaka wa sitini na tatu, mwezi wa saba, kijiji cha Rodi Kopany kilishikwa na baridi ambayo hata wazee hawakukumbuka mfano wake. Mvua zilizotakiwa kwisha mwezi wa tano zilikaa tu, kama mgeni asiyejua kuaga. Wanaume walitoa masandukuni makoti mazito ya jeshi waliyorudi nayo kutoka vitani Burma, na wanawake sokoni wakauza vitunguu huku wamejifunika magunia kichwani. Kila mtu alikohoa, na kila aliyekohoa alikuwa na habari.

Na habari zote, zizunguke zitakavyozunguka, zilikwenda kulala kwa Phelesia mke wa Nicanor.

Phelesia alikuwa mtu wa watu. Sufuria yake ya chai ilikaa jikoni kutwa nzima, na aliyepita barabarani bila kuingia alionekana ana neno moyoni. Alijua nani kaposa na nani kakataliwa, nani kanunua baiskeli na nani kaizoea ya jirani. "Nyumba tupu inanipigia kelele masikioni," alikuwa akisema. Mumewe, aliyekuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, alishakubali kwamba kiti chake si chake mpaka wageni waondoke.

Lakini habari ya siku ile haikuja na mgeni wa chai. Ilikuja na lori la samaki kutoka Homa Bay. Ndani yake alikuwamo Javan, mdogo wake Phelesia, na kando ya Javan, amejikunyata katika blanketi lenye maji, mama yao, Rispa.

"Ziwa limeingia mpaka chini ya kitanda," Javan alisema, akimshusha mama yake kama mtu anayeshusha mayai. "Rusinga nzima watu wa ufukoni wamehama. Kwangu ukuta umelala. Juzi tumemkuta kambare mlangoni, ametulia kama mwenye nyumba."

"Na wewe ulimfanya nini?"

"Tulimla, dada. Ningempa kiti?"

Phelesia alicheka, na kicheko kikakatika alipomsikia mama yake akikohoa. Kilikuwa kikohozi cha chini, cha mtu anayevuta mtumbwi kwenye mawe. Javan alikunywa chai moja ya haraka, akarudi na lori lile lile kuokoa nyavu zake. Rispa akabaki.

Na hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu Rispa alikataa kulala ndani.

Kwa Wajaluo mzazi halali chini ya paa la mtoto wake mwenye ndoa, na mama mkwe kulala kwa mkwewe ndiyo usiseme kabisa. Anayevunja mwiko huo hujiitia chira, ule ugonjwa wa kukondesha mtu bila sababu, na chira haina macho: humkosa aliyekosa ikawashika wajukuu. Rispa alikuwa amebatizwa kabla Phelesia hajazaliwa. Aliijua Biblia yake hata kwa kupapasa. Lakini alisimama uani, mvua ikimwagikia, akautazama mlango wa nyumba ya binti yake kama anayeutazama moto.

"Mama, wewe si umeokoka?" Phelesia alimwuliza.

"Nimeokoka dhambi, nyathina, mwanangu. Sijaokoka adabu."

Basi akalala jikoni, kibanda kisichohesabiwa kuwa nyumba, chenye paa la nyasi lililochoka na moshi usiojua pa kutokea. Siku ya kwanza alikohoa. Siku ya pili akakohoa akishika ubavu. Siku ya tatu Nicanor alimbeba kwa baiskeli, yeye akiisukuma na Phelesia akimshikilia mama yake mgongoni, mpaka kwa dresa wa zahanati. Dresa aliweka sikio, akatikisa kichwa, akachoma sindano ya penisilini.

"Mapafu haya," alisema. "Mleteni kila asubuhi nimchome. Lakini nawaambia mapema, asilale penye moshi, asilale penye unyevu. Akilala huko tena, sindano yangu mtaiona ni ya uongo, na huyu mama hamtakuwa naye Jumapili ijayo."

Phelesia alirudi nyumbani bila kumsalimu mtu njiani. Watu walishangaa.

Alizunguka kijiji kichwani mwake, nyumba moja moja. Mamake Nicanor alikuwa ameshafariki na nyumba yake kuanguka. Kwa jirani wa juu kulikuwa na mgonjwa tayari. Kwa jirani wa chini paa lilivuja kuliko jikoni kwake. Mchana alimkuta barazani rafiki yake Susana, mke wa Magige, Mkuria wa kule upande wa Migori karibu na mpaka, aliyekuja Rodi kila wiki kuuza wimbi. Wao wawili walielewana kwa Kiswahili, kila mmoja akikivunja kwa namna yake.

"Mama Pamela, mbona uso umekunjika kama kitambaa cha kupangusa meza?" Susana aliuliza.

Phelesia akamweleza yote. Susana alisikiliza akipuliza chai.

"Mimi ningempa nafasi kwangu sokoni, lakini tuko wanawake sita na mbuzi wawili, na mbuzi ndio wastaarabu. Lakini sikiliza. Nyinyi si mna nyumba ya Mungu hapo? Ina mabati. Ina chumba cha nyuma cha kulala wahubiri. Mungu ni mkwe wa nani?"

Phelesia akaruka akamkumbatia, chai ikamwagika. Kanisa lilikuwa mwendo wa kutupa jiwe. Alikimbia jikoni kumwambia mama yake.

Rispa alikuwa ameegemea ukuta, macho yanang'aa kwa homa.

"Kanisa gani?" aliuliza.

"Letu, mama. Hilo la mabati."

"Lile ambalo kwa dresa wanaliita kwa Nicanor?"

Phelesia alisogeza kuni motoni.

"Nilikaa kwenye foleni, nina masikio," Rispa aliendelea, kila maneno mawili akipumzika. "Mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, 'Tukutane kwa Nicanor.' Nikafikiri hapa kwenu. Kumbe kanisani. Wakacheka. Wakasema ukitaka kusali chumba cha nyuma lazima uruke mahindi. Ufunguo uko mfukoni mwake. Sasa nyathina, nyumba yenye mavuno ya mkwe wangu, na ufunguo wa mkwe wangu, nitaiitaje? Niache hapa. Mungu ananiona hata jikoni."

Phelesia alitoka nje akasimama mvuani. Uso ulimwaka. Kwa sababu yale mahindi, ukitaka ukweli, hayakuwa wazo la Nicanor.

Miaka mitatu nyuma Nicanor alikuwa amesimama mbele ya watu wote akautoa uwanja ule uwe wa kanisa. "Kuanzia leo si wangu," alisema, na hiyo ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote. Aliufyatulia matofali, akapiga mabati misumari kwa mkono wake. Lakini mwaka huu, ghala lao lilipoanza kuvuja mahindi yakiwa ndiyo kwanza yamevunwa, Phelesia ndiye aliyesema, "Si kuna chumba kikavu pale? Wahubiri hawaji na mvua hii. Wiki mbili tu." Nicanor alisita. Phelesia akamcheka kidogo, kama alivyojua kumcheka, na Nicanor akayabeba. Wiki mbili zikawa nane. Na yeye, aliyesikia kila neno la kijiji, hili la "kwa Nicanor" alilisikia pia, akalipita kwa utani, kwa sababu umbeya wa wengine ni mtamu na wa nyumbani kwako huna pa kuupeleka.

Alimkuta mumewe akinoa panga.

"Baba Pamela, nimekosa," alisema.

Nicanor aliinua macho. Si neno alilolizoea kutoka upande ule.

Akamweleza: foleni ya dresa, kicheko, maneno ya mama yake. "Mimi ndiye niliyekuambia uyaweke. Ulimpa Mungu uwanja, mimi nikaurudisha kwa gunia. Na sasa mama yangu atakufa kwenye moshi kwa sababu yetu."

Nicanor aliweka panga chini. Alitazama mvua kwa muda ambao Phelesia angeweza kusimulia harusi mbili.

"Yakitolewa kwa mvua hii yataoza," alisema mwishowe.

"Najua."

"Ndiyo chakula chetu mpaka mwezi wa kwanza."

"Najua, baba."

Akasimama. Akavaa koti lake la Burma. "Niitie watu," alisema.

Hilo hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Phelesia alifunga leso kiunoni, akashika njia ya sokoni, na safari hii hakupita kimya. Susana, aliyekuwa amesharudi huko, alimpokea kwa sauti ya mtu anayenadi mali: "Wanawake! Wekeni chini vitunguu! Mahindi ya Nicanor yanatoka kanisani leo!" Sijui kama kuna tangazo jingine ambalo lingewakusanya haraka hivyo. Wengine walikuja kusaidia, wengine walikuja kuona tu kama ni kweli, lakini wote walikuja na vikapu, na mkono ukishashika kikapu hauwezi kusimama tu.

Mwanzo walitaka kuyarundika nyumbani kwa Phelesia. Wakajaza sebule, wakajaza chumba cha kulala, wakajaza juu ya kitanda. Pamela, binti yake, alikaa juu ya meza kama kuku. Na bado kanisani yalikuwa nusu.

"Mama Pamela," mmoja alisema, "wewe na mzee mtalala wapi? Ndani ya gunzi?"

"Yakikaa pamoja yataota," Susana alisema. "Kila mtu ana moto kwake. Kila mtu achukue kikapu chake, ayaweke juu ya jiko lake, yakauke kwa moshi. Yakikauka ayarudishe."

Phelesia alimtazama Nicanor. Kugawa mavuno ya mwaka kwa nusu ya soko, kwa ahadi ya mdomo! Lakini Nicanor alikuwa tayari anawajazia vikapu, akitikisa ili vishike zaidi. Wanawake wakapita mmoja mmoja mvuani, mahindi kichwani, wakitawanyika kwenye njia zote za kijiji. Mmoja wa wale waliocheka kwa dresa alipita mbele ya Phelesia bila kumtazama. Hatua tano mbele akageuka.

"Mama Pamela, mimi jiko langu ni kubwa. Niongeze."

Chumba kilipokuwa kitupu kikafagiliwa. Wakatandika nyasi kavu zilizotolewa uvunguni mwa kitanda cha mtu, juu yake mkeka, juu yake koti la Burma, maana hapakuwa na blanketi kavu. Nicanor akaja mpaka mlango wa jikoni alikolala mama mkwe wake. Hakuingia. Aligeuza uso kando, kama mkwe anavyotakiwa, akauweka ufunguo mkononi mwa Pamela.

"Mpe bibi yako," alisema. "Mwambie ni wa kanisa. Akae nao mpaka mhubiri aje, kisha ampe yeye. Mimi sitaupokea tena."

Pamela aliingia akarudia neno kwa neno, japo bibi yake alikuwa amelisikia. Rispa aliushika ule ufunguo, akaugeuzageuza.

"Na mahindi?" aliuliza.

"Yako kwa watu wote, bibi. Mengine yako kitandani kwa mama."

Rispa akafumba macho. Phelesia alifikiri amezidiwa, akapiga magoti haraka. Kumbe alikuwa akisali, midomo ikienda. Alipomaliza alinyoosha mikono ili anyanyuliwe.

Hata hivyo siku mbili zilizofuata hazikuwa za mchezo. Homa ilipanda. Dresa sasa alikuja mwenyewe na sindano yake, na hakutania. Phelesia alikaa kando ya mkeka, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akifukuza wageni. Hawakufukuzika. Walikaa kwenye mabenchi ya kanisa upande wa pili wa ukuta, wakiimba chini chini, wakileta makaa ya jiko, wakinong'ona habari ambazo Phelesia hakuzitamani. Alikuwa na sala moja tu, fupi, nayo aliisema mpaka ikapoteza maneno.

Jumapili asubuhi kiliamka kijua chembamba. Watu walikuwa wamejaa kanisani, wamebanana kwa baridi, wengine wakisimama. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, ikasikika sauti kutoka chumba cha nyuma, kavu lakini ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi.

"Nyinyi huko! Mmepangusa miguu? Nasikia matope yanaingia."

Kanisa zima likalipuka. Susana, ambaye hakuwa hata wa dhehebu lile, alipiga kigelegele mpaka watoto wakaziba masikio. Phelesia alisukuma mlango. Mama yake alikuwa ameketi, amejifunika koti la jeshi kama jenerali, jasho la homa iliyovunjika likimtiririka shingoni.

"Acha wazi," Rispa alisema. "Nina la kushukuru."

Akasali kutoka pale mkekani, akipumzika kila baada ya maneno machache, na watu wakamngoja. Alishukuru kwa dresa na sindano yake. Alishukuru kwa yule Mkuria mwenye mdomo. Alishukuru kwamba ziwa lilichukua nyumba na kuacha watu. "Na ninakushukuru, Bwana, kwa mwana ambaye hairuhusiwi nimtazame usoni," alisema. "Wewe mtazame kwa niaba yangu."

Nicanor alikuwa kwenye benchi la mbele. Aliuelekeza uso wake ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Phelesia aliona. Kila mwanamke mle ndani aliona pia, na wote walimgeukia yeye, wakingoja aseme kitu, kama kawaida yake. Alifungua mdomo. Hakikutoka kitu ila "Amina," na aliisema kabla mama yake hajamaliza kusali.