Wavu Uliochomwa Moto

Ningu akipanda haliwi. Katazo hilo halikuletwa na afisa yeyote, tumelikuta. Masika yakianza, samaki hao hutoka ziwani upande wa Nkome, matumbo yamejaa mayai, wakaufuata mto wetu kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika maji kule juu. Sisi tunawatazama tu, mate yakitujaa. Wakishuka ndipo tunapowavua, na mimi ninabanika mpaka moshi unanitoa machozi.

Sasa shemeji yangu Donatus alipopewa uenyekiti wa walinzi wa mto, alijifanya ndiye aliyewaumba ningu. Alipita nyumba kwa nyumba akikusanya nyavu. Wangu aliuchukua uani, umeanikwa, haujagusa maji tangu mwaka jana.

"Shemeji, huu umevua nini?" nilimuuliza.

Akasema sheria ni msumeno. Jumapili, baada ya misa, akatangaza kwamba nyavu zote zimechomwa moto. Niliumia. Nilijiambia, heri wavu uende kuliko ningu waishe.

Mvua zikaja, na ningu wakapita kijijini kwetu, wengi, matumbo yakikwaruza mawe. Halafu maji yakapungua ghafla, na mvua bado inanyesha. Mto haupungui wakati wa masika bila mkono wa mtu. Nikafunga kanga kiunoni, nikaufuata kwenda juu.

Niliwakuta ningu chini ya ukuta wa viroba vya mchanga. Fredy, kijana mwenye mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu, alikuwa ameziba mto mzima ili pampu yake ipate maji. Samaki walikuwa wamebanana hapo chini, wanaruka, wanajigonga ukutani, wanaanguka. Wengine walikwisha kufa, mayai yametapakaa kwenye tope.

"Shikamoo mayu," Fredy akasema, akiniita mama kwa adabu zote.

"Marahaba," nikamjibu, maana salamu haina kosa. "Nani kakuruhusu kuziba mto?"

"Mwenyekiti anajua."

Mwenyekiti mwenyewe alikuwepo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anatafuna muhogo. Kabla sijamgeukia, niliona kilichovizuia viroba visisombwe. Ni nyavu, zimetandazwa juu yake na kufungwa kwenye vigingi huku na huku. Ule wa katikati ulikuwa na viraka vya nyuzi za buluu. Nyuzi hizo nilizifumua kwa mkono wangu kutoka kwenye sweta ya shule ya mwanangu Vumilia.

"Shemeji, si ulisema umezichoma?"

"Aa, Mama Vumilia, zilikuwa zimekaa bure tu."

Zimekaa bure! Mtu kakunyang'anya wavu mkavu kwa jina la samaki, kisha kautumia kuwaua samaki walewale. Niliingia majini, nikafungua mafundo upande mmoja, kisha upande wa pili. Fredy alinisihi nimwonee huruma, kazi yake itakufa. Nikauvuta wavu wangu. Viroba vikateleza, kimoja, kingine, kisha ukuta ukakatika na maji nusura yanichukue. Niling'ang'ania kigingi. Kasi ilipopungua, ningu wakaanza kupita pale penye pengo, wananigonga miguuni, wanapanda.

Nilitoka na wavu begani. Nyumbani chungu kilikuwa kitupu, na samaki walikuwa hapo hapo mbele yangu. Ningetupa mara moja tu, tungekula wiki nzima. Sikutupa.

Donatus aliinuka, mkono mfukoni, akakumbuka cheo chake. "Huo wavu umepigwa marufuku msimu huu. Nakukamata."

"Nikamate," nikasema. "Ila ushahidi hubebwa na anayekamata. Ubebe wewe, utangulie, tupite njia ya kanisani, watu wauone."

Nikamnyooshea. Wavu ulimchuruzikia maji kwenye viatu, ukachuruzika weee, na mkono wake haukutoka mfukoni.