Upande wa Pili wa Pazia

Pazia la kitenge liligawa sebule ya Benedicte kule Kisinga sehemu mbili, naye alilichukulia kama mpaka wa nchi. Upande mmoja palikuwa na kochi, redio na mama yake mdogo, Marlène. Upande wa pili palikuwa na meza, kompyuta ya shirika alilolifanyia kazi na kisanduku cha intaneti chenye taa ya kijani.

Kazi yake ilikuwa kusikiliza. Watu waliokimbia kutoka pande za Beni, Kongo, walisimulia yaliyowapata, sauti zao zikarekodiwa mpakani, naye akaziandika. Siku ya kumkabidhi vifaa, Natukunda, msimamizi wake wa ofisi ya Kasese, alimweleza kwamba simu yoyote ya nyumbani ikiunganishwa na mtandao ule ni mlango ulioachwa wazi, na siri za watu wale zinaweza kutokea hapo. Benedicte alikubali kwa moyo wote. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka chuoni, na aliamini kuwa uaminifu hauna nusu.

Amri hiyo ilimwangukia Marlène. Simu yake ilikuwa na laini ya Kongo, ambayo haikushika Kisinga. Zamani, kila siku ya soko, alipanda bodaboda hadi Bwera, akasimama karibu na mpaka, na mawimbi ya ng'ambo yakamletea sauti ya mwanawe, Gracien, fundi redio wa Butembo. Tangu avunjike mguu, hakwenda tena.

"Mutoto wangu, unipatie kidogo tu ile rezo yako."

"Mtandao ni wa kazi, mama mdogo. Si wangu."

"Padri anatugawiaka hata komunyo, weye unanyima rezo."

Benedicte alicheka, akarudi nyuma ya pazia. Aliahidi kwamba wiki itakayofuata angempeleka Bwera mwenyewe. Kazi ikarundikana, wiki ikazaa wiki. Marlène akaacha kuomba, na ukimya wake Benedicte akauhesabu kuwa ni kuelewa.

Alasiri moja, jua likiwa limeegemea dirishani, alivaa hedifoni na kufungua sauti mpya. Mwanamke alieleza jinsi gari lao lilivyovamiwa njiani. Kando yake aliketi kijana, fundi redio wa Butembo, aliyemwambia kwamba mama yake aliyeko Kisinga hajibu tena ujumbe. Amengoja jibu mpaka amechoka, sasa anakwenda kumwona kwa macho yake. "Aliitwa Gracien," mwanamke alisema. "Mama yake, Marlène. Kijana huyo ndiye wa kwanza waliyemuua."

Vidole vya Benedicte vilikwisha kuliandika jina kabla moyo haujalifikia. Yaliyosemwa upande huu hayakuruhusiwa kuvuka pazia, ndivyo alivyoapa. Akajiona kama mlinzi aliyekesha langoni, akagundua kulipopambazuka kwamba aliyekuwa akibisha hodi ni wa nyumbani.

Alivua hedifoni, akaziacha mezani zikiendelea kunong'ona. Alitoka. Marlène alikuwa akichambua maharage. Benedicte akachutama kando yake. Akanyoosha mkono, akaichukua simu ya mama yake mdogo na kuandika humo nywila ya shirika. Kingine cha kumpa hakuwa nacho.

"Leo umenihurumia," Marlène alisema.

Simu ilitetemeka, ikatetemeka tena, kama kuku aliyechinjwa. Kisha sauti ya Gracien ikajaa chumbani, changa, yenye mafua kidogo.

"Mama, barabara iko mubaya. Nikuje ao nibakie? Unijibu, Mama. Nangojea jibu yako."

Marlène alicheka hadi machozi yakamtoka. "Umemusikia? Bado anaongea kama mutoto ya masomo." Tarehe ya ujumbe hakuitazama. Aliisogeza simu mdomoni na kusema polepole, kila neno mahali pake: "Gracien, usitoke. Bakia pale pale. Mama yako iko muzima."

Akangoja. Alama ya tiki ya kijivu chini ya ujumbe ilibaki moja.

"Haijafika. Rezo yako iko na nguvu kweli?"

"Ina nguvu, mama mdogo."

Marlène hakuridhika. Alichukua mkongojo wake, akajikokota hadi kwenye pazia, akalisogeza kwa kiwiko bila kuomba ruhusa. Aliiweka simu juu ya kisanduku chenye taa ya kijani, kando ya hedifoni ambamo mwanamke yule alikuwa bado anasimulia, kisha akavuta kiti cha Benedicte, akaketi kungoja.