Viganja vya Ukoo Wetu

Katika duka letu la mikate hakuna glavu wala kitambaa cha kushikia trei. Baba, shangazi na mimi tunaingiza mikono mitupu kwenye tanuri na kutoa mikate huku tukipiga soga. Viganja vyetu ni vinene, vya manjano, vigumu kama soli, na nyayo vilevile. Babu naye alikuwa hivyo. Wateja wanadhani ni kazi iliyotukomaza, nasi tunawaacha waseme, maana baba hapendi maneno mengi.

Mchumba wangu naye alidhani hivyohivyo. Ni fundi saa, ana vidole laini vya kukamata skrubu usizoziona. Nilijiapiza kumwambia kabla hatujaoana kwamba ni ugonjwa wa kurithi, na huenda watoto wetu wakazaliwa nao. Lakini kila nikifungua mdomo inatoka habari ya bei ya unga. Niliogopa ataniacha, basi.

Asubuhi moja alikuja kutusaidia, ajipendekeze kwa baba mkwe. Shangazi, akili yote ikiwa kwenye umbea aliokuwa akinimegea, akachomoa trei na kumkabidhi mchumba wangu.

"Shika, baba, weka pale mezani."

Maskini, akaipokea kwa mikono miwili! Alipiga ukelele, mikate ikatapakaa sakafuni. Baba akamkokota hadi kwenye ndoo ya maji.

"Jamani, nimesahau huyu ni mtu wa kawaida!" shangazi akasema.

"Kwani nyinyi ni watu gani?" akauliza mchumba wangu, mikono ndani ya ndoo.

Nikaona nikinyamaza hapo, sitasema tena.

"Si kazi iliyotufanya hivi," nikamwambia. "Tumezaliwa hivi. Na watoto wetu wanaweza kurithi."

Akatoa mkono mmoja unaochuruzika maji, akageuza kiganja changu, akakitazama kwa makini.

"Inauma?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza. Nilitaka kujibu hapana, kama tunavyojifanya siku zote, lakini baba akaniwahi.

"Wakati wa baridi ngozi inapasuka," alisema taratibu. "Inauma sana, mwanangu."

Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akikiri hivyo. Machozi yakanitoka hadharani, sikujali.

"Basi tutawapaka mafuta tangu wakiwa wachanga," akasema fundi saa, akirudisha mkono kwenye ndoo. "Ila mambo ya tanuri wafundishwe na babu yao. Mimi nimekoma."