Wakampungia Mkono

Msusi alimwambia mama yake kwenye simu, "Niko nyumbani mama, nimejilaza," ili asimtie presha. Kumbe yuko peke yake kwenye gari la kuazima, bahari kushoto, kulia mlima uliowahi kutapika moto. Akatoka kwenye lami kidogo apige picha. Yale mawe meusi, makali kama wembe, yakampasulia matairi mawili. Mtandao nao, hapo alipofika, hakuna tena.

Gari likapita. Akapunga mikono yote miwili. Waliokuwemo wakampungia wakicheka, "Haya dada, kula raha!" Wakayoyoma.

Ndipo akili ilipomkaa sawa: hata mama akishtuka usiku, atamtafuta chumbani. Akaenda kukaa katikati ya barabara, ili gari lijalo, kama lipo, lishindwe kumpungia tu.