Wa Kugombezwa

"Wakikuuliza nani kautengeneza mfumo, sema ni wewe," Oliva alimwambia kwa mara ya saba asubuhi ile.

Modest aliangalia viatu vyake. "Watu wakisikia, dada, watasema najisifu."

"Watu gani? Tuko wawili hapa na magunia!"

Walikuwa wamekaa kwenye mteremko nyuma ya mashine ya kusaga ya Endasak, mahali pekee ambapo mtandao haukukatika, kompyuta ikiwa juu ya gunia la pumba. Saa nne kamili Dar es Salaam wangepiga simu ya usaili.

Oliva alikuwa mtoto wa Mbulu, amemaliza chuo mwaka uliopita. Kazi yake katika kampuni ya programu jijini ilikuwa kutafuta watu wa kuajiri. Wenzake walikaa wakingoja barua za maombi. Yeye aliamini kwamba mafundi wengi wazuri hawaombi kazi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa wao ni mafundi. Lazima wafuatwe walipo. Alimsumbua bosi wake mpaka akapewa miezi mitatu na ruhusa ya kuleta watu watano.

Wanne walikuwa wameshaanguka kwenye usaili. Kijana wa Haydom, aliyeunganisha kompyuta zote za duka kubwa la dawa, alipoulizwa amefanya nini alijibu, "Nilishikashika waya tu." Binti wa Dongobesh alisema kila alichokijua ni cha mwalimu wake, akamtaja mwalimu huyo kwa dakika kumi. Oliva alitamani kulia. Sasa alibaki Modest. Akianguka na yeye, Ijumaa safari za kutafuta watu vijijini zinafutwa, na Oliva anarudi kufungua barua za watu wa mjini ambao hawakuhitaji kutafutwa na mtu.

Na Modest aliiweza kazi, hilo ndilo lililouma. Zamani akina mama walishinda mashineni kutwa wakisubiri zamu. Siku hizi unaacha debe lako, unarudi kupalilia maharage, na meseji inakufuata shambani zamu yako ikikaribia. Modest aliiandika programu hiyo mwenyewe, kwa kompyuta ya mtumba. Oliva alipoteza siku tatu kumpata, maana kila aliyemuuliza, Modest akiwamo, alimwelekeza kwa mtu mwingine.

Kompyuta ikalia. Uso wa Yasmini, mkuu wa mafundi, ukajaa kwenye kioo.

"Karibu, Modest. Tuambie, mfumo huu wa foleni uliutengeneza vipi?"

"Tulisaidiana."

"Na nani?"

"Na baba mdogo, mwenye mashine. Alinipa chumba."

Oliva, aliyekaa pembeni asionekane, alijipiga paja.

"Na kuandika programu yenyewe?"

"Aa, ni kitu kidogo tu. Yeyote angeweza."

Yasmini aliinamisha kichwa, akaandika. Oliva aliijua kalamu ile. Alishaiona mara nne.

"Modest!"

Bibi Agatha alikuwa anapanda mteremko, beseni tupu kiunoni. Modest alisimama papo hapo, Dar es Salaam wakabaki kutazama mkanda wa suruali yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hizo meseji zako zina wazimu? Debe langu nimeliacha hapa tangu alfajiri, meseji imeenda kwa Agatha wa bondeni! Amekuja, amebeba unga wangu!"

"Shikamoo, bibi," Oliva aliingilia. "Samahani, tuko kwenye usaili, kama ungetupa dakika..."

"Marahaba, mwanangu. Subiri kwanza, nina ugomvi na huyu."

Modest alikuwa ameshainamia kompyuta, amesahau usaili. "Pale mlangoni wanaandika jina tu," alinong'ona, "nayo inamchukua Agatha wa kwanza kwenye orodha." Alifungua programu, na kwa kuwa Oliva alikuwa amemwekea kioo chake kionekane kule, Yasmini aliona kila mstari ukiandikwa. Dakika sita. Kuanzia sasa, bila namba ya simu huingii foleni. Simu ya Bibi Agatha ikalia ndani ya khanga; safari hii meseji ilimfikia mwenyewe.

Yasmini alikuwa amesogea mbele. "Modest, nani aliandika hii?"

Oliva alifumba macho.

"Tulisaidiana," alisema Modest.

"Na nani?" Bibi Agatha alidakia. "Juzi nimekugombeza wewe. Wiki iliyopita nimekugombeza wewe. Kama kuna mwingine nitajie, nikamgombeze na yeye, maana nimeacha maharage yangu!"

Modest alifikiri. Akafikiri tena. "Hakuna mwingine, bibi," alisema kwa unyonge, kama mtu anayekiri wizi.

Yasmini alicheka mpaka akavua miwani. "Basi nimepata jibu. Anaanza mwezi ujao, akiwa hukohuko. Oliva, andaa mkataba. Na Ijumaa njoo na mpango wa watu wengine watano."

"Na unga wangu?" aliuliza Bibi Agatha.

Wiki iliyofuata Oliva alishuka kwenye bodaboda katika kijiji kimoja njia ya Mbulu, akaingia dukani, akamwamkia mama mwenye duka. Hakuuliza kama kuna mtaalamu yeyote.

"Mama, hapa vitu vya kompyuta vikigoma, mnamgombeza nani?"

Mama hakusita hata kidogo. "Hilaria," alisema, akaanza kuhesabu makosa yake kwa vidole.

Oliva akatoa daftari.