Ukifunga Moto, Unafungua Moshi

Jana mujukuu wangu Mamy alifunga mulango ya chini ya tanuru yake ya mikate, eti moshi isisumbue majirani. Moshi ikazidi. Nikamuambia afungue, naye akauliza nilijifunzia wapi.

"Kwenye woga," nikamujibu.

Wakati wa vita nilikuwa nachemsha maji kwenye maternité, nyumba ya kuzalishia, moja ya mutaa wa Mikelenge. Tulikuwa na shodieri, pipa kubwa la chuma: moto chini, maji juu, bomba la moshi linatokea kwenye mabati. Wenye bunduki walikuwa wanazunguka mitaa wakifuata moshi. Penye moshi kuna chakula, wanaingia, wanabeba.

Siku ile Bibiche alikuwa anazaa, mutoto amekaa vibaya tumboni. Katungu, muzalishaji wetu, alitaka vyombo vyake vichemshwe kwanza. Bomba likatoa moshi mweusi kama matako ya sufuria.

"Funga mulango ya moto," Katungu akasema, "moshi ibakie ndani."

Nikafunga. Moshi ikawa nzito zaidi, na maji yakaacha kuimba.

"Basi zima."

"Na vyombo?" nikamuuliza.

Kule chumbani Bibiche alikuwa anaita mama yake.

Nikakumbuka mama yangu kule Kailo akikausha samaki. Yeye alikuwa anafunika moto makusudi, ili apate moshi.

"Katungu, kitendawili. Mugeni wangu anakufa na njaa, kinywa kimejaa."

"Mama wee, hii njo saa ya vitendawili?"

"Ni moto uliokosa hewa. Hapa tunakausha samaki, mwanangu."

Nikatoa kuni mbichi. Zile kavu nikazipasua nyembamba, nikatia kidogo kidogo. Mulango nikafungua nusu; wazi kabisa, upepo ungebeba joto yote kwenye bomba. Moto ukavuta pumzi, ukawa manjano safi. Moshi ni kuni ambazo moto haukumaliza kula; sasa ulikuwa unamaliza. Juu ya mabati hewa ilitetemeka tu.

Watu wawili wakaingia uani, bunduki begani.

"Wapi wanapika?"

"Hapa wanazaa," Katungu akasema. "Munakuja kuzaa?"

Mumoja akacheka. Mwenzake akaangalia bomba kwa muda murefu; halikutoa kitu. Bibiche akapiga kelele ndani. Wakaondoka, wakaenda upande wa barabara.

Maji yakachemka. Katungu akatoa vyombo, akanawa mikono, akaingia. Mutoto alitoka matako mbele, amekasirika, na mama yake akapona.